Somo la Jumatatu

Mota ya mashine ya kusaga ya Hamidu iliungua siku ya Jumatano, katikati ya mavuno ya mwaka tisini na nne, foleni ya akina mama wenye ndoo za uwele na mahindi ikiwa imefika hadi barabarani. Asma ndiye aliyekuwa zamu. Alisikia mlio wa mashine ukibadilika, ukawa mzito kama mtu anayevuta pumzi kwa shida, kisha ikaja harufu ya vanishi inayoungua. Kabla hajaifikia swichi, moshi ulikuwa umeshatoka. Beringi zilikuwa zimekwama kwa vumbi la unga. Mota ikashindwa kuzunguka, ikajipika yenyewe.

Hamidu alikuwa mjomba wake, mfanyabiashara wa Kondoa aliyehamia Chamwino biashara zilipofunguliwa na kila mwenye nguvu kidogo akaanza kuagiza mashine yake. Alikuja, akainama juu ya mota, akainusa, akatikisa kichwa.

"Utaipeleka wewe mjini," alimwambia Asma. "Yuko fundi pale mtaa wa Kikuyu, wanamsifu. Lakini mafundi unawajua. Ukigeuka tu, shaba yako imekwenda na umewekewa waya wa ajabu. Ukae pale pale mpaka aimalize. Utalala kwa shemeji yangu, Swaumu."

"Na Mwanahawa?"

"Mwanahawa atakula hapa nyumbani. Ana shule, hana shida."

Mwanahawa alikuwa binti yake Asma, anayekaribia miaka kumi, darasa la tatu. Asma alimwachia kitenge cha kujifunika, maana baridi ya Julai ilikuwa kali na upepo haukupumzika, akapanda nyuma ya pikapu pamoja na mota, ameishikilia kwa miguu yote miwili isibingirike.

Karakana ya fundi ilikuwa chumba kimoja cha mabati na kivuli cha makuti mbele yake. Alipofika, fundi alikuwa amempa mgongo, anamweleza mzee mmoja mwenye pampu ya maji.

"Nyuzi hizi mbili zimegusana. Umeme umeona njia ya mkato, haukuona sababu ya kuzunguka kote huku. Tuko pamoja?"

Asma alisimama na mkono wake juu ya mota. Ile "tuko pamoja" aliijua. Aliijua jinsi ilivyopanda mwishoni, na jinsi msemaji alivyonyamaza baada yake akisubiri kweli kujibiwa, si kama walimu wengine waliouliza na kuendelea. Fundi alipogeuka, mvi zilikuwa zimeingia, miwani ilikuwa imefungwa uzi sikioni, na ovaroli ilikuwa nyeusi kwa grisi. Lakini alikuwa yeye, Mwalimu Cornel.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Alimtazama kwa muda. "Hapa wananiita Fundi. Nimekufundisha wapi?"

Asma akamtajia jina lake na shule, ile shule ya bweni ya wasichana, na mwaka themanini na nne.

"Mlimaliza themanini na tano, basi. Darasa zuri lile."

"Mimi sikumaliza. Niliishia kidato cha tatu, mwezi wa tatu."

Mwalimu Cornel aliichukua bisibisi mezani, kisha akairudisha pale pale.

"Mlikuwa watatu," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa mwalimu wa zamu wiki ile. Niliwasindikiza stendi." Alivua miwani, akaifuta kwa mkono wa ovaroli, ikazidi kuchafuka. "Sura zenu zimenipotea, nisikudanganye. Ila kulikuwa na sanduku la bati la bluu, kitasa kimekufa, limefungwa kamba ya katani. Nililibeba mimi."

"Lilikuwa langu," Asma akasema.

Mambo hayo hawakuyagusa tena siku ile. Mwalimu alifungua mota, akaonyesha nyuzi zilivyogeuka makaa, akasema kazi itachukua siku nne. Asma akamweleza kwamba ametumwa kulinda shaba, na kwamba atakaa hapo siku zote nne. Mwalimu akamletea kigoda.

Alikaa kwenye kigoda hicho akiyatafuna mambo ya miaka kumi. Katika vijiji vya milimani kwao, yeye ndiye aliyekuwa msichana wa kwanza kuchaguliwa kwenda sekondari ya serikali, na baba yake, Hassani, alichinja mbuzi. Hisabati aliisoma kwa sababu ilibidi. Fizikia aliipenda. Daftari liliandikwa kwa Kiingereza, lakini Mwalimu Cornel alikuwa akisogea mlangoni, akitazama kama mkuu wa shule yupo karibu, kisha anarudi kuwaeleza kwa Kiswahili kitu kilekile hadi kila mtu acheke kwa kuelewa. Alhamisi moja alichora waya uliosimama wima ubaoni na duara zinazouzunguka, moja ndani ya nyingine. Huo, alisema, ndio uga wa sumaku. Umeme ukipita kwenye waya, nafasi yote inayouzunguka inabadilika, ingawa jicho halioni kitu. Kisha akasema, "Msiniamini. Jumatatu naleta vifaa, kila mmoja atazungusha waya kwenye msumari asuke koili yake na ataona mwenyewe."

Ijumaa alikuja nesi na wasichana wakapangwa mstari kupimwa mimba. Jumamosi asubuhi Asma alikuwa stendi. Kijana wa likizo ya Desemba, aliyekuwa sababu ya yote, alikuwa ameshakwenda zake pwani na hakuwahi kuandika.

Mengi ya mwaka ule aliyasamehe, au yalijisamehe yenyewe kwa kuchoka. Jumatatu ile haikumtoka. Aliifikiria wakati akimnyonyesha Mwanahawa, wakati akipalilia shamba la mama yake, na baadaye huko Chamwino kila alipobonyeza swichi na mota ikaanza kuzunguka bila yeye kujua kwa nini inazunguka. Wenzake walikwenda wakaona nini siku ile? Hilo lilimuuma kuliko kukosa cheti.

Siku ya pili Mwalimu alianza kuzing'oa nyuzi zilizoungua. Kila alipotoa fungu moja alihesabu mizunguko yake kwa sauti, na Asma, bila kuombwa, akachukua kipande cha boksi na kalamu akaanza kuandika. Baada ya mafungu matano Mwalimu alikisogeza kile kipande karibu na miwani yake.

"Umepiga jedwali," alisema.

"Ndivyo ulivyotufundisha."

Walifanya kazi mpaka jua likawa utosini. Ndipo Asma akauliza kile alichokaa nacho.

"Mwalimu, Jumatatu ulileta vile vifaa?"

"Jumatatu ipi?"

"Baada ya sisi kuondoka. Ulikuwa umesema utaleta misumari na waya, kila mmoja asuke koili yake."

Mwalimu alijaribu kukumbuka, ilionekana usoni kwamba anajaribu kwa moyo wote. "Nadhani nilileta. Nilifundisha mada hiyo miaka kumi na minne, Asma. Kila mwaka nilileta. Mwaka upi ulikuwaje, sikumbuki."

Asma akainamisha kichwa juu ya kile kipande cha boksi. Hakuwa na hasira. Ilimjia tu kwamba kitu alichokibeba miaka kumi hakikuwa na mwingine wa kumsaidia kukibeba, hata huyu aliyekiahidi.

Mwalimu aliweka koleo chini. Kisha akasimama, akaingia ndani, akarudi akiburuta betri ya lori. Alikata boksi likawa bapa kama sinia, akalitoboa katikati, akapitisha waya kwenye tundu lile, akauzungusha kwa nje na kuupitisha tena, mara ishirini, mpaka ukawa kama shungi linalopenya katikati ya boksi. Chini ya mashine ya kunolea vyuma kulikuwa na unga mweusi wa chuma. Akaukusanya kwa kadi ya zamani ya mwaka mpya, akampa Asma.

"Nyunyiza. Kidogo kidogo, kama chumvi."

Asma akanyunyiza. Unga ukalala ovyo, hauna maana yoyote.

"Sasa nitagusisha waya kwenye betri. Sekunde chache tu, waya usije ukaungua. Wewe gonga boksi kwa kidole. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja, mwalimu."

Akagusisha. Cheche ikaruka. Asma akagonga boksi mara moja, mara mbili, na ule unga ukasogea. Ulisogea wenyewe, kila chembe ikijipindua na kutafuta mahali pake, na duara zikatokea kuuzunguka waya, moja ndani ya nyingine, za karibu zimebanana, za mbali zimefifia. Zilikuwa kama alivyozichora ubaoni.

Mwalimu akauondoa waya. Duara zikabaki zimelala.

"Tena," Asma akasema.

Alilitikisa boksi, unga ukavurugika. Wakarudia. Mara ya tatu Mwalimu akageuza waya kwenye betri, akaweka dira ndogo juu ya boksi ili aone kwamba mshale sasa unaelekea upande mwingine. Akamwonyesha jinsi ya kukumbuka: shika waya kwa mkono wa kulia, dole gumba lielekee unakokwenda umeme, vidole vingine vitakuonyesha uga unakozungukia. Asma akakunja vidole vyake hewani. Na hapo, bila kujua anachofanya, akageuza shingo kushoto.

Darasani, upande wa kushoto ndiko alikokuwa akikaa Loisi, msichana wa Mpwapwa, waliyeshirikiana naye dawati tangu kidato cha kwanza. Loisi alikuwa na desturi ya kumfinya mkono kila walipoelewa jambo kwa pamoja. Kushoto kwa Asma sasa kulikuwa na ukuta wa mabati na ndoo ya vanishi.

Machozi yalimtoka bila sauti. Mwalimu alijishughulisha na kukunja waya mpaka mkunjo wote ukaisha.

"Siku ile, njiani kwenda stendi," alisema, "nilitafuta la kuwaambia. Nililitafuta kutoka getini mpaka basi lilipoondoka. Ningeweza kusema pole. Sikusema hata pole."

"Nilikuwa nasubiri," Asma akajibu. "Nilikuwa nyuma yako, naangalia sanduku langu begani kwako, nasubiri ugeuke."

"Najua."

"Hukugeuka."

"Sikugeuka. Pole, Asma."

Ilikuwa imechelewa miaka kumi, na alijua wote wawili wanajua hivyo. Hata hivyo aliipokea. Alisema ahsante, akafuta uso kwa ncha ya mtandio, akauliza nyuzi mpya zitaanza kusukwa saa ngapi.

Walisuka Ijumaa na Jumamosi. Mwalimu alimweleza huku wakisuka, vipande vipande, jinsi alivyoiacha chaki. Watoto walikuwa wameongezeka na ualimu haukuwatosha. Alianza na redio jioni, zikaja mota, na asubuhi moja alijikuta amekwenda karakana badala ya shuleni. "Mtoto wangu mkubwa ananiambia nilifanya la maana," alisema. "Mimi mwenyewe, nikipita karibu na shule saa ya kengele, miguu inasita."

Jumamosi mchana mota ilikuwa imefungwa, vanishi imekauka. Wakaiunganisha. Ikanguruma, ikatetemeka, haikuzunguka.

Mwalimu akazima haraka. Alirudia kukagua viungo vyote kwa macho, uso ameusogeza karibu kabisa, na Asma akaona kwamba miwani ile haimsaidii tena. "Sijui," alisema mwisho, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Itabidi niing'oe yote."

Asma aliangalia zile duara za koili zilizolala ndani ya mwili wa mota. Alifikiria uga. Kama kila fungu ni sumaku, basi mafungu yaliyofuatana yanatakiwa yapishane, hili liwe ncha ya kaskazini, linalofuata ya kusini, ili mzunguko uwe na kitu cha kufuata. Na kama moja limegeuzwa?

"Mwalimu, tukipitisha umeme kidogo wa betri kwenye laini moja ya mafungu haya, halafu nikaizungusha dira humo ndani?"

Mwalimu alimtazama. Akaifuata betri ndogo, akaunganisha.

Asma akashika dira kwa uzi, akaiteremsha ndani, akaipitisha polepole mbele ya fungu la kwanza. Mshale ukaelekeza ncha yake ya kaskazini kwenye koili. Fungu la pili, ukageuka. La tatu, ukageuka tena. La nne, ukabaki vilevile, haukugeuka.

Akarudia kutoka mwanzo. Kaskazini, kusini, kaskazini, kaskazini.

"La nne limefungwa kinyume," alisema.

Mwalimu akapapasa zile nyuzi kwa vidole, akazifuata mpaka kwenye kiungo. "Ni mkono wangu huu," alisema taratibu. "Nilifunga mwisho mahali pa mwanzo." Akakaa kwenye kigoda cha Asma, akampa koleo. "Fungua wewe. Ufunge wewe."

Mota ilizunguka saa tisa na nusu. Ilizunguka bila kutetemeka, na upepo wake ukapeperusha kile kipande cha boksi chenye jedwali. Mwalimu alikidaka, akasoma tena zile namba zilizonyooka, akasema, "Kuna mtihani wa watu wanaojisomea wenyewe. Fomu zinatoka mwanzoni mwa mwaka. Mitihani ya vitendo inafanyiwa kwenye maabara ya shule yoyote iliyokubali. Nina rafiki hapo mjini bado anafundisha. Nitamwandikia."

"Nina miaka ishirini na saba, mwalimu. Nina mtoto."

"Nimesikia. Nitamwandikia."

Mwaka mzima Asma alisoma kwenye mashine ya kusaga, kitabu kikiwa kimeegemezwa kwenye mizani, kurasa zikijaa unga. Mwanahawa alimsikiliza akikariri na akaanza kukariri naye. Hamidu aliguna mwanzoni, kisha akamnunulia taa ya chemli yenye kioo kipya bila kusema ni ya nini. Kila Jumapili ya pili Asma alikwenda Kikuyu kwa Mwalimu Cornel, akamsaidia kuangalia yale ambayo macho yake yalikuwa yanamkatalia, na Mwalimu akamlipa kwa sura moja ya fizikia.

Matokeo yalipotoka alikuwa amepata C ya fizikia na D ya biolojia. Hisabati ilimshinda, akaja kuirudia mwaka uliofuata. Hivi leo ukiuliza Chamwino nani anasuka mota, utaelekezwa kwake. Lakini siku anayoisimulia, akiulizwa, ni ile ya mtihani wa vitendo, Novemba ya mwaka tisini na tano.

Maabara ilikuwa na meza ndefu na wasichana arobaini wa kidato cha nne, blauzi nyeupe, sketi za bluu. Walipomwona akiingia na gauni lake refu na mtandio, wale wa mbele wakamwamkia, "Shikamoo, mwalimu." Akaitikia, kisha akaenda kuketi kwenye namba yake, na minong'ono ikapita. Swali halikuhusu sumaku hata kidogo. Ilikuwa lenzi, mshumaa na karatasi nyeupe, utafute umbali ambao taswira inakuwa kali. Akawasha mshumaa, akaanza kuisogeza lenzi.

Walipotoka nje, jua lilikuwa kali na wasichana wakatawanyika kwa makelele. Asma alikuwa anatafuta njia ya getini aliposikia mtu anamkimbilia.

"Dada, samahani." Ni yule aliyekuwa meza ya jirani, mrefu, ana wino kwenye kidevu. "Umepata sentimita ngapi?"

"Kumi na tano nukta mbili."

"Mimi kumi na nne nukta nane. Evodia anasema kumi na tisa."

"Kumi na tisa haiwezi," Asma akasema. "Mshumaa ukiwa mbali hivyo, taswira inakuja karibu na lenzi. Hebu ngoja." Akachuchumaa, akachora lenzi kwa kidole kwenye mchanga, na mistari ya mwanga inayopita. Evodia mwenyewe akaja, akabisha. Akaja mwingine akamuunga mkono Evodia. Muda si muda walikuwa sita au saba, wamemzunguka, vichwa vimegusana, wanafuta na kuchora upya, na yule mrefu alipoelewa akamshika Asma mkono kwa nguvu bila hata kumtazama.

Kengele ya chakula ikalia. Wakasimama wote pamoja, wakapangusa magoti, wakaanza kwenda. Yule mrefu aliona Asma hasogei, akageuka.

"Dada, huji kula?"

Asma alitazama bwalo, na mlango wake ambao wasichana walikuwa wakiingia kwa kusukumana, sahani za bati mikononi.

"Nenda tu," alisema. "Kuna gari linanisubiri."

Hakukuwa na gari. Alibaki amesimama juani mpaka yule msichana alipoingia ndani na mlango ukafungwa, na akaendelea kusimama kidogo zaidi, akisikiliza vijiko.